Nilivyopiga hesabu ya ukarabati kabla ya kununua nyumba ya kupangisha

Dalali aliniambia nisijichoshe: "Wewe tenga asilimia 1 ya bei ya nyumba kila mwaka, matengenezo yamekwisha." Ushauri huu kila mtu anautoa, na unaniudhi hadi leo. Bei ya nyumba hupandishwa na kiwanja na mtaa. Paa halijui liko mtaa gani. Nyumba mbili pacha, moja uchochoroni na nyingine barabarani, zinakula mabati yaleyale na misumari ileile.

Mimi nilikwenda kitu kwa kitu. Gharama ya kukibadilisha unaigawa kwa miaka iliyobaki, hicho ndicho kiasi cha kuweka pembeni kila mwaka. Hita ya maji ya tangi huishi kama miaka 8 hadi 12. Ile ilikuwa na kibandiko cha mwaka wa kutengenezwa, imeshakula 10, nikaihesabu marehemu.

Sasa bafu. Muuzaji alilisifia kuwa limefanywa upya lote, na kweli vigae viling'aa. Nikainua kifuniko cha tangi la choo. Viwanda vingi hugonga tarehe kwenye kauri yenyewe, ndani ya tangi au chini ya kifuniko. Nikamulika kwa simu: 1988. Kama choo hakikuguswa, mabomba nyuma ya vigae aliyagusa nani? Nikatoa sumaku mfukoni (ndiyo, natembea na sumaku, cheka tu), nikaigusisha kwenye bomba linaloingia bafuni, ikang'ang'ania. Chuma. Na chuma hushika kutu ndani kwa ndani mpaka njia ya maji inaziba. Nikafungua koki zote kwa pamoja, kisha nikavuta maji ya choo: bafuni yakabaki membamba kama uzi. Muuzaji akaanza kuangalia saa.

Mafundi niliwauliza bei ya ufundi peke yake, vifaa nikaviulizia dukani mwenyewe. Walipishana vibaya mno, nikashika ya katikati na kuongeza kama sehemu ya tano, maana ukuta ukibomolewa hakukosi la kushtukiza. Kubomoa vigae na kuvirudishia nako ni gharama ya mabomba, wengi hawaiandiki. Kodi ya miezi ambayo nyumba itakaa tupu pia.

Karatasi nikaiweka mezani. Muuzaji akapunguza karibu bei yote ya mabomba. Hita aligoma katakata, eti bado inachemsha. Nikalipa.