Karatasi yenye mistari 16 iliyonifungulia binomia

Fomula ya binomia, ile ya kupata uwezekano wa kufaulu mara kadhaa katika majaribio yanayorudiwa, niliikariri kabla sijaielewa. Nilijua pa kuweka n (idadi ya majaribio), p (uwezekano wa kufaulu katika jaribio moja) na x (idadi ya kufaulu), na majibu yalitoka, ila swali likigeuzwa kidogo tu nakwama. Nilidhani tatizo ni hesabu, kumbe ni lile neno "kigeu nasibu". Kwenye aljebra nimezoea x ni namba iliyojificha: unaitafuta, ukiipata umemaliza. Sasa kuna X kubwa, na hata ukiitafuta usiku kucha haina thamani moja.

Siku moja nikaamua kuandika matokeo yote ya kurusha sarafu mara 4, K ikiwa kichwa na M mkia. KKKK, KKKM, KKMK, hivyo hivyo hadi mistari 16. Pembeni ya kila mstari nikaandika idadi ya K. Nilipoinua kalamu nikaona: ile safu ya namba za pembeni ndiyo kazi ya X! Kigeu nasibu ni kanuni inayolipatia kila tokeo namba yake. Kabla ya kurusha hujui itakuwa ipi. Ukisharusha, ni moja tu, na hiyo ndiyo x ndogo.

Nikazipanga. Namba 0 imetokea mara 1, 1 mara 4, 2 mara 6, 3 mara 4, 4 mara 1. Basi uwezekano wa kupata vichwa viwili ni 6/16, yaani 0.375. Msambao wenyewe ni huo tu: thamani za X, kila moja na uwezekano wake, na jumla ni 1.

Dadu ndiyo iliyonieleza fomula. Unairusha mara 5, unataka sita mbili kamili. Mstari mmoja, tuseme sita zinatangulia, una uwezekano wa (1/6)² × (5/6)³. Sita zikija mwishoni au katikati, ni kuzidisha namba zilezile kwa mpangilio mwingine, kwa hiyo jibu halibadiliki. Mistari ya namna hiyo iko 10. Kombinesheni niliyokuwa naiogopa inahesabu mistari, basi! Zidisha uwezekano wa mstari mmoja kwa 10, jibu ni kama 0.161. Kwa maoni yangu fomula ingefundishwa mwisho, baada ya karatasi kujaa K na M.

Bado nilikosea swali la mfuko: mipira 10, minne myekundu, unatoa mitatu bila kurudisha. Nikaweka p = 0.4 na kuendelea. Lakini wa kwanza ukiwa mwekundu, wa pili una 3/9, si 4/10 tena. Binomia inataka p isiyobadilika, majaribio yasiyoathiriana na idadi yake ijulikane mapema. Siku hizi naanza na hayo kabla ya kugusa namba. (Na nikiona "angalau moja" nakimbilia kinyume chake, yaani kukosa kabisa: angalau sita moja katika mirusho 5 ni 1 − (5/6)⁵, karibu 0.598.)

Wastani, np, nao ulikuwa umekaa kwenye karatasi ileile. Nilihesabu K zote zikawa 32. Gawa kwa mistari 16, unapata 2, ambayo ni 4 × 1/2. Kisha nikaitazama wima: kila safu ya mrusho ina K 8, nusu kamili, na safu ziko nne.