Usiku wa Jalidi Shambani Molo

Katika nyanda za juu za Molo, kaunti ya Nakuru, ambako ardhi imeinuka takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni hadi Agosti humfanya mkulima afikiri mara mbili kabla ya kutia mbegu ardhini. Kikundi chetu kiliuchagua msimu huo kwa makusudi. Tulipanda kabichi, karoti, minji na sukuma wiki katika kipande cha shamba tulichokodi, kwa kuwa mboga hizi huistahimili baridi, na wadudu wanaotoboa kabichi huzaana polepole hewa inapopoa. Isitoshe, sukuma wiki iliyopigwa na baridi huwa tamu zaidi, kwani mmea hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari ili maji yaliyo ndani ya majani yasigande upesi.

Shamba lilikuwa la yeyote aliyetaka kulima, na jambo hilo tulilianzia kwenye udongo wenyewe. Vitanda vya kitalu tuliviinua kwa mawe na mbao hadi kimo cha meza, ili ndugu yetu anayetumia kiti cha magurudumu aifikie miche bila kumngoja mtu. Njia tulizipanua na kuzimwagia changarawe, maana udongo wa kwetu ukilowa hauachilii gurudumu. Katibu wetu ni kiziwi. Katiba ya 2010 inaitaka serikali kuendeleza matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya, lakini sisi tulijifunza kwa sababu iliyo karibu zaidi: bila lugha hiyo tusingekuwa na katibu, na mwingine mwenye makini kama yake hatukuwa naye.

Jioni ninayoikumbuka ilikuwa ya Julai. Mvua ilikuwa imenyesha kwa siku kadhaa mfululizo, kisha alasiri moja mawingu yakatawanyika, upepo ukatulia, na nyota zikajitokeza mapema. Shosho, mkongwe wa kikundi na mlezi wa kitalu, aliniita nilipokuwa nikipita langoni kwake.

"Mwanangu, usiku huu msilale," aliniambia. "Mbingu zikiwa tupu hivi na upepo umekufa, jalidi i njiani."

Nilimwamini bila kuuliza, kwani jalidi, ile barafu nyembamba inayotanda juu ya majani usiku wa baridi kali, huja hivyo. Mawingu hulifunika joto la ardhi mithili ya blanketi. Yakiondoka, joto hilo hupaa, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Shamba letu liliteremka kuelekea kijito, na huko chini baadhi ya wanachama walikuwa wameshikilia tupande viazi, zao lisilo na uwezo wowote wa kupambana na jalidi.

Wachache tuliokuwa karibu tulikutana mara moja. Mwenzetu mmoja akapendekeza tuwaite vijana peke yao, na Shosho na ndugu yetu wa kiti cha magurudumu tuwaache walale, baridi isije ikawadhuru. Alisema kwa huruma ya kweli, nami sitaki kumnyima haki hiyo. Katibu alikuwa akimtazama midomo. Aliibana tochi kwapani ili mwanga uangukie mikono yake, akajibu kwa ishara za haraka, nami nikawatafsiria wengine: "Pesa za mavuno tunagawana sote. Kazi ya usiku nayo ni yetu sote. Mwiteni kila mtu, anayetaka kukataa akatae mwenyewe. Na ni nani kati yenu anayeijua miche kuliko hao wawili?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Niliafikiana naye pale pale, na hadi leo naamini kwamba mtu anayeitwa kwenye karamu na kufichwa tabu hajahesabiwa kuwa mwenyeji. Tulipiga simu. Walikuja wote isipokuwa mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa.

Udongo ulikuwa umelowa tayari, jambo lililotufaa, kwa sababu udongo wenye maji huhifadhi joto la mchana kuliko ulio mkavu. Kazi kubwa ilikuwa kitaluni. Ndugu yetu alipita kitanda baada ya kitanda akikunja fito na kuzichomeka pande zote mbili, sisi tukifuata na magunia na nyasi kavu. Alisisitiza gunia lisiguse jani hata moja, maana linapogusa ndipo baridi hupenyea. Shosho, akiwa amejifunga leso mbili, alituonyesha miche iliyochipua mwisho, ambayo ingekufa kwanza, tukaiongezea nyasi.

Karibu na saa kumi na moja alfajiri nyasi za kando ya njia zilikuwa nyeupe, na magunia yalikuwa yamekakamaa. Shosho aliinua ncha ya gunia moja, akapitisha kidole chini ya jani changa la kabichi. Lilikuwa na tone la maji, na lilikuwa laini. Kwenye matuta ya wazi, kijana mmoja alianza kukung'uta kabichi kubwa zilizokuwa na jalidi. Katibu akamshika mkono, akamwonyesha jua, kwa kuwa jani lililoganda likiguswa huvunjika, nalo likiachwa liyeyuke lenyewe mara nyingi hupona.

Kabichi zilipona, zikapoteza majani ya nje tu. Viazi vilikuwa vyeusi kufikia adhuhuri. Katika kikao kilichofuata tulikubaliana bila mabishano kwamba sehemu ya chini ipandwe sukuma wiki, na miche itoke katika vitanda vile vile tulivyovifunika. Kisha katibu akaandika orodha ya watu wa kupigiwa simu usiku wa dharura. Jina la Shosho aliliweka la kwanza, kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyo karibu zaidi na kitalu.