Zege la Jumanne

Nala, Jumapili jioni

Leo nilipotoka ibadani nilipitia saiti kabla ya kufika nyumbani. Sikuwa na kazi pale. Nilitaka tu kuona kama magunia tuliyofunikia zege jipya, lisikauke haraka, yana maji. Yana maji, mlinzi ameyalowesha saa nne na saa nane kama tulivyokubaliana, na msingi namba 4 umelala chini yake umetulia. Nikakaa juu ya rundo la mirunda, upepo wa Dodoma ukinijaza vumbi machoni, nikaona niandike mambo haya yakiwa bado mabichi.

Kwa asiyejua kazi yangu: mimi ni fundi sanifu wa majengo katika kampuni inayojenga viwanda. Sasa tuko hapa Nala, eneo la viwanda kwenye barabara ya kwenda Singida, tunajenga kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti. Kila Ijumaa mimi ndiye ninayeandika taarifa ya maendeleo ya mradi. Nakala moja inakwenda kwa mteja, nyingine kwa mhandisi mshauri, na Jumatatu asubuhi naisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, kabla ya sala. Ndivyo mkurugenzi wetu alivyotaka tangu mwanzo: kibarua anayebeba toroli naye ajue kazi imefika wapi. Getini kuna ubao ulioandikwa maneno matatu: Hofu ya Mungu, Uaminifu, Bidii. Nimepita chini ya ubao huo mwaka mzima.

Kazi kwa jumla inakwenda. Nguzo za chuma zote 24 zimesimama. Kenchi 9 kati ya 12 ziko juu, tatu zilizobaki bado zinachomelewa karakana ya Kizota. Kona ya kaskazini ilitusumbua mwezi Agosti, tulipokuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Tuliuondoa wote kwa kina cha mita moja na nusu, tukajaza kifusi cha changarawe na kukishindilia tabaka kwa tabaka. Kona ile sasa naiamini kuliko nyingine zote.

Nisiyoweza kuiandika haraka ni habari ya misingi ya mashine. Iko sita. Mashine ya kukamulia inatetemeka mchana na usiku, kwa hiyo msingi wake si jamvi la kawaida, yaani sakafu ya zege tu. Michoro inadai zege daraja la 30, maana yake baada ya siku 28 kila milimita moja ya mraba ibebe nguvu ya nyutoni 30 bila kupasuka. Msingi namba 1 hadi 3 tulimwaga vizuri. Namba 4 tulimwaga Jumanne moja ya Oktoba.

Asubuhi ile tulisali kama kawaida. Kwetu Waislamu na Wakristo tunasimama duara moja. Fundi nondo anaomba dua, kisha fomeni, ambaye ni mzee wa kanisa, anaomba, halafu tunakumbushana usalama: kofia, buti, mkanda kwa anayepanda juu. Siku hiyo fomeni alizungumzia uaminifu katika mambo madogo. Nakumbuka niliitikia amina kwa moyo wote.

Mikse ilichelewa kuwaka. Tulipoanza kumwaga ilikuwa karibu saa tano, na anayeijua Dodoma ya Oktoba anajua saa tano ni nini: jua la utosi na upepo mkavu usiopumzika. Zege lilikuwa linakauka ndani ya toroli kabla halijafika kwenye boksi. Vibarua wakauvuta mpira wa maji. Toroli moja ikanyunyiziwa kidogo, ya pili zaidi, baadaye kila toroli ikapata haki yake. Zege lenye maji mengi ni rafiki wa mchovu. Linateleza lenyewe, vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishikamane, inaingia bila kusukumwa, na uso wake unang'aa kama kioo. Lakini maji yale ya ziada hayana kazi na saruji. Yakikauka yanaacha vitundu, na vitundu ndivyo udhaifu wenyewe.

Niliona. Hilo ndilo ninaloliandika leo. Koni ya kupimia ulaini wa zege ilikuwa miguuni pangu. Nilipima mchanganyiko wa kwanza, ukawa sawa, nikaandika. Sikupima tena. Fomeni ana umri wa baba yangu. Nilipofika saiti kwa mara ya kwanza sijui hata kusoma jedwali la nondo ni yeye aliyenifundisha, na kila asubuhi namwamkia "Shikamoo mzee" naye ananiitikia "Marahaba mwanangu" kwa namna ambayo mtu unajisikia uko kwenu. Kumwambia mbele ya watu ishirini kwamba anaharibu kazi, mdomo wangu ulikataa. Mama lishe naye alikuwa amefika na ugali wa uwele na mlenda, watu wana njaa. Nikainama nikajaza kyubu zangu sita za zege, yale matofali madogo ya sampuli yanayopimwa nguvu maabara. Namshukuru Mungu kwamba nilizijaza kutoka kwenye toroli za mwisho.

Zege la Jumanne huulizwa Jumanne. Kyubu za kwanza hupondwa maabara siku ya 7, nyingine siku ya 28, na zote huangukia siku ileile ya juma uliyomwagia. Jumanne iliyofuata nikapewa karatasi. Kwa siku 7 tulitarajia kama theluthi mbili ya nguvu yote, yaani kwenye 20 hivi. Tulipata 13.

Ijumaa nikakaa kuandika taarifa. Niliandika hivi: "Msingi namba 4 umekamilika. Majibu ya awali ya maabara yamepokelewa, tunasubiri ya siku 28." Usome tena. Kila neno ni kweli. Msingi ulikuwa umekamilika, majibu yalikuwa yamepokelewa, na kweli tulikuwa tunasubiri. Sijawahi kusema uongo mkubwa kama ule, na hakuna mtu ambaye angeweza kunionyesha ni neno lipi la uongo. Jumatatu nikausoma mbele ya duara, kwa sauti yangu. Wakapiga makofi. Kisha tukafumba macho tukaomba Mungu aibariki kazi ya mikono yetu.

Wiki ile sikulala vizuri. Jumamosi nikapanda basi kwenda Mvumi kumwona bibi. Nyumba yake sasa ni ya bati, lakini nyuma amebakiza jiko la tembe la zamani, lenye paa bapa la miti na udongo. Alikuwa ameanika uwele juu. Nikamwambia ashuke, nitaugeuza mimi. Akaniambia kwamba babu alipomaliza tembe yoyote alikuwa anapanda mwenyewe kwanza, anatembea kila kona akikanyaga kwa kisigino, na mpaka amalize hakumruhusu bibi kupanda na ungo. "Alikuwa anasema, mwenye kujenga ndiye wa kwanza kubebwa na paa."

Nikiwa juu pale, uwele mkononi, nikakumbuka sheria moja ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ambayo huko nyuma niliipita tu: ukijenga nyumba mpya, weka ukuta pembeni mwa dari, usije ukaleta damu juu ya nyumba yako mtu akianguka. Waliopewa sheria ile walikuwa na mapaa bapa kama yetu Wagogo. Walianika huko juu, walilala huko juu. Na Mungu, aliyewapa amri za sadaka na sikukuu, akashuka mpaka kwenye ukingo wa paa. Hakusema mwombeeni asianguke. Alisema jengeni ukuta. Nilikaa juu ya jiko la bibi nikalia, na bibi akadhani nimechumbiwa vibaya.

Jumatatu sikwenda kwenye duara. Nilikwenda kwanza kwa fomeni, peke yake, nyuma ya ghala la saruji. Nikamwamkia. Nikamwambia, "Mzee, nimekuja kukuomba radhi. Siku ile ya mpira wa maji niliona nikanyamaza, na taarifa niliyosoma nilikuficha wewe na kila mtu." Nikampa karatasi ya maabara. Aliisoma mara mbili. Akavua kofia. Nilitegemea akasirike, na labda ningejisikia nafuu kama angekasirika. Alisema, "Mwanangu, mpira niliuruhusu mimi. Twende kwa mkurugenzi."

Mkurugenzi hakusema mengi. Aliuliza kama kuna mwingine anayejua, nikajibu hakuna, na ukimya uliofuata ulikuwa mrefu. Najua alikuwa anahesabu. Kisha akampigia mhandisi mshauri pale pale, tukiwa tumesimama. Siku ya 28 kyubu zilitoa 19, na vipande vitatu vilivyokatwa kwenye msingi wenyewe havikuwa na habari tofauti. Ukavunjwa. Siku nne jekihama inalia, nondo nzuri zinakatwa, na kila pigo nalisikia tumboni.

Kulikuwa na suala la mishahara. Vibarua hulipwa Jumamosi, na mmoja wa ofisini alipendekeza siku za kuvunja zisilipwe, kwa kuwa walioweka maji ni haohao. Fundi nondo, mtu mpole asiyependa mabishano, alinyoosha mkono akasema Mtume ameagiza mtu apewe ujira wake jasho lake halijakauka, na jasho la kuvunja ni jasho. Fomeni akaongeza ya kwake kutoka Walawi, kwamba ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Mkurugenzi akalipa siku zote nne. Nadhani alikuwa ameshaamua, lakini nilifurahi kuwasikia wale wawili wakisema kutoka vitabu viwili jambo moja.

Jumanne iliyopita tulimwaga upya. Jioni yake kokoto tulizilowesha zipoe, na tukaanza saa kumi na moja alfajiri kwa taa, kabla upepo haujaamka. Sala ilikuwa fupi. Mpira wa maji fomeni aliufungia stoo, ufunguo akaniwekea mkononi bila neno. Nilipima kila mchanganyiko, mara kumi na moja, na mara moja nilirudisha zege na hakuna aliyenuna. Saa mbili tulikuwa tumemaliza.

Tumechelewa zaidi ya mwezi. Mvua za msimu zinakuja, mawingu yameshaanza kujikusanya jioni, na paa bado lina pengo la kenchi tatu. Mteja hajafurahi, amesema wazi kwamba kazi ya awamu ya pili ataitangaza upya. Yote hayo nimeyaandika kwenye taarifa ya Ijumaa, ukurasa wa kwanza, pamoja na namba 13 na 19 na jina langu chini. Kesho nitaisoma kwenye duara.

Keshokutwa ni Jumanne. Kyubu mpya zinatimiza siku 7. Zamu ya kumwagilia magunia kesho asubuhi ni yangu, saa kumi na mbili kamili.