Fourteen Falls na Kilimambogo: safari ya kukagua mahali pa kurekodia karibu na Thika

Tuliondoka Thika saa kumi na moja alfajiri na magari mawili, moja la watu na jingine la vifaa. Kuwahi hivyo kuna sababu. Thika iko takribani digrii moja tu kusini mwa ikweta, na jua likishachomoza, karibu saa kumi na mbili na nusu, hupanda kama limevutwa kwa kamba. Ule mwanga laini wa dhahabu haumalizi hata saa nzima. Kufikia saa nne macho ya mwigizaji yameshazama kwenye kivuli cha paji la uso wake, na bila kitambaa cha kuchuja jua au ubao mweupe wa kurudishia mwanga, uso haurekodiki.

Mji wenyewe ni wa viwanda: mananasi ya makopo, mafuta ya kupikia, karakana za kuunganisha magari. Ukishika barabara ya Garissa, mabati ya viwanda yanaisha na mashamba ya mananasi yanaanza, mistari ya kijani juu ya udongo mwekundu hadi upeo wa macho. Panavutia, lakini pana mwenyewe. Shamba ni la kampuni, na anayetaka kutoa kamera pale aende na barua ya ruhusa, si maelezo ya mdomo. Vumbi lile jekundu ni jembamba kama unga. Usibadilishe lenzi nje. Ingia garini, funga madirisha, ndipo ubadilishe.

Fourteen Falls iko kama kilomita 25 kutoka Thika, upande wa Kilimambogo. Mto Athi unafika kwenye ukingo wa jabali, unagawanyika kati ya mawe na kuanguka kwa mikondo mingi, kimo cha mita kama 27. Hiyo mikondo 14 utaihesabu maji yakiwa ya wastani tu. Kiangazi kikikaza, mingine hukauka. Masika ya Machi hadi Mei yote huungana ikawa pazia moja la rangi ya chai ya maziwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanatazama anga ya Thika, wanaona kukavu, wanapanga onyesho moja kwa siku mbili. Maji haya yanatoka juu, pande za Nairobi. Mvua ikinyesha huko usiku, kesho yake mto ni mwingine kabisa na picha haziungani. Onyesho la maporomoko limalizwe siku moja, picha pana kwanza.

Kisha kuna povu. Mito ya Nairobi huingia Athi ikiwa imebeba majitaka na sabuni za jiji, na maji yakipigwa kwenye mawe yanatoa mapovu meupe yanayoelea hadi ukingoni. Kwa mbali kamera huyaona kama theluji. Kwa karibu yana ukingo wa manjano na vipande vya plastiki ndani yake. Manyunyu yakitua kwenye lenzi na kukauka, huacha duara jembamba la ukungu. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu linatanda na kuwa doa kubwa zaidi. Dawa yake ni tone la maji safi kwanza, kitambaa laini baadaye. Tulibeba jerikeni ya lita 20 kwa kazi hiyo na kusuuza miguu ya stendi, na haikubaki kitu. Mwigizaji asiingizwe majini hapa, hata mwongozaji akisisitiza. Na sioni sababu ya kulificha povu kwenye uhariri: mto huu ndio Galana, ndio Sabaki unaoingia baharini kaskazini mwa Malindi, na haki yake ni kuonekana ulivyo.

Kuhusu vipimo vya kamera: jua kali, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 800, fremu 25 kwa sekunde, shata ikifunguka 1/50 ya sekunde na tundu la lenzi kwenye f/4, unahitaji kichujio cha ND, yaani kioo cheusi cha kupunguza mwanga, cha stopu 8; kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu. Povu huungua, yaani hugeuka weupe mtupu kwenye picha, kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo pima mwanga kwenye povu, si kwenye jabali. Kichujio cha kuondoa mng'ao husaidia sana kwenye mawe yaliyolowa, ila kinakula stopu moja na nusu hivi. Sauti ya mazungumzo usiitegemee karibu na maji. Rekodi ngurumo peke yake dakika mbili, kisha waigizaji warudie maneno yao mahali patulivu.

Mchana tulipanda Kilimambogo, mlima wa mita 2,145 unaoitwa pia Ol Donyo Sabuk, ambao ni hifadhi ya taifa. Njia ya gari hadi kileleni ni kama kilomita 9 ndani ya msitu, na mvua ikinyesha bila gari la kuvuta magurudumu yote manne hufiki. Jina halidanganyi, mbogo wapo. Kwa miguu unakwenda na askari wa wanyamapori. Kileleni kuna minara ya mawasiliano. Anayetafuta upeo usio na chuma ashuke kidogo apige kutoka kwenye miteremko.

Karatasi ni tatu na hazibadilishani: leseni ya serikali ya kurekodi filamu, ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori, kwa hifadhi, na kwa droni, kibali cha mamlaka ya anga, KCAA. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, nusu saa hivi kabla jua halijazama. Machweo ya kileleni basi huyapati bila mpango maalumu na hifadhi. Saa kumi na moja tulikuwa tumeshafunga masanduku, tukaanza kushuka kwa gia ndogo, jua bado liko juu ya mashamba ya mananasi.