Tanga la jahazi limetoka kwenye mpingo

Wadau, swali ninaloulizwa kuliko yote WhatsApp ni hili: "fundi, hiyo picha umepaka rangi gani?" Sijapaka. Hakuna rangi hata tone, ni mbao tupu, vipande vyembamba vya vinia vimekatwa vikapachikwa kimoja kando ya kingine mpaka picha ikatoka, juu yake vanishi basi. Wazungu wanaita maketri. Huku pwani wazee walikuwa na kazi ya karibu na hiyo, kutia njumu, vile viti vya enzi vya Lamu vilivyopachikwa pembe za ndovu ndo mfano wake, ingawa leo ukisema njumu kila mtu anafikiria viatu vya mpira.

Mi nipo Keko, Dar es Salaam, nilianza na vitanda na makabati kama wengine wote, na hizi picha nilizianza kwa sababu ya mabaki. Yani ilikuwa inaniuma kuona kipande cha mninga chenye michirizi mizuri vile kinaenda kuchomwa jikoni. Sasa ivi nachana mabaki mwenyewe kwa mashine mpaka milimita 2, nikitaka kuingiza kipande nazibandika mbao mbili pamoja nazikata kwa msumeno wa uzi mara moja, ndo maana zinakaana vizuri. Mninga na mkongo ni za kahawia na wekundu, mfenesi ni njano (ila ukikaa kwenye mwanga unakolea, mteja lazima aambiwe mapema), na mpingo ndo weusi wangu. Mpingo una mafuta, usipoufuta kwa spiriti kwanza gundi haishiki.

Sasa kuna mama mmoja wa Bagamoyo alinipigia, "mwanangu, baba yangu alikuwa nahodha, nataka jahazi lake, lakini sitaki hilo la kwenye makava ya madaftari." Akanitumia picha moja imefifia, jahazi limepigwa kwa nyuma, limelala kidogo upande. Nilikaa na ile picha siku mbili nikiwaza tanga nilitoe kwenye mbao gani, mana kila mbao nyeupe niliyokuwa nayo ilikuwa imepoa mno. Jibu nililikuta Mwenge kwa wachonga vinyago. Mpingo kwa nje una tabaka la weupe wa maziwa, wachongaji wengi wanalichonga wanalitupa wanabaki na kile cheusi cha ndani. Nikaokota gogo dogo urefu wa mkono mpaka kiwiko, nikalichana, mwili wa jahazi ukatoka kwenye kiini na tanga likatoka kwenye ule weupe, mti mmoja. Nilifurahi siku nzima.

Kulitia tanga tumbo la upepo ndo kazi tamu kuliko zote. Naweka mchanga laini kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, ukishapata moto nachomeka ukingo wa kipande kwa sekunde chache, natoa, naangalia, narudisha. Ukingo unaungua kidogo kidogo, kutoka maziwa kwenda chai mpaka kahawa, na ghafla kipande bapa kinaonekana kimevimba. Ukizidisha umeunguza, unakata kingine.

Kosa langu kubwa nalisema ili mwingine asirudie. Kazi ya kwanza ya kuuza nilibandika vinia upande mmoja tu wa ubao, nikampa mteja, ilipofika masika akanitumia picha ubao umejikunja kama kijiko. Nilimrudishia hela yake yote. Toka siku hiyo nyuma pia nabandika vinia ya kawaida, ili pande zote mbili zivutane sawa.

Kuhusu bei naomba tuelewane, mtu anaona picha ya kuprinti elfu thelathini na fremu yake anakuja kunilinganisha nayo. Jahazi hili limekula siku tisa. Nachukua nusu kama advansi, na nakutumia picha ya mchoro kabla sijagusa msumeno, ukishakubali mchoro hatubadilishi.

Ila huyu mama nimembadilishia. Nilimpelekea mwenyewe, akaiweka mapajani, akapitisha ukucha pale tanga linapokutana na anga akitafuta kiungo, ukucha haukukwama. Alafu akaweka kidole kwenye tezi, yani nyuma ya jahazi, kimya, akasema "hapa ndo alikuwa anakaa, mbona hayupo?" Sikuwa na la kujibu. Nimerudi nayo Keko, ipo hapa mezani, natakiwa nichimbe nafasi ndogo kama punje ya hindi nimpachike mtu. Nimemuuliza kikoi chake kilikuwa cha rangi gani, amesema nisubiri kwanza ampigie dada yake.