Siku Mzee Alipokabidhiwa Medali

Barua ilifika nyumbani kwa Mzee majira ya joto ya mwaka 2012, na binti yake ndiye aliyemsomea. Mimi nilikuwa jikoni namkorogea uji. Wakati huo niliishi Philadelphia, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na asubuhi zangu zote zilianzia kwake. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa miaka 88, mrefu, mtaratibu wa maneno. Presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga tu, sura za watu hakuziona tena. Nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza, maana kwetu Tanga mtu wa umri ule humtaji kwa jina. Akalipenda, akawaagiza hata wajukuu zake wamwite hivyo.

Barua ilisema atakabidhiwa nakala ya shaba ya Medali ya Dhahabu ya Bunge la Marekani, kwa kuwa alipitia kambi ya Montford Point. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Nilishamwogesha, nilishamkata kucha, nilishasikia habari za kila nyumba aliyowahi kupanga, lakini habari za jeshi hakuwahi kuzigusa mbele yangu. Binti yake naye alijua machache tu.

Kuanzia hapo hadi siku ya sherehe alisimulia kidogo kidogo, mara nyingi wakati namvisha soksi. Kabla ya vita kuu ya pili, kikosi cha Marine, askari wa Marekani wanaopigana wakitokea baharini, hakikuwachukua watu weusi kabisa. Juni 1941 Rais Roosevelt alitoa amri iliyopiga marufuku ubaguzi katika ajira za viwanda vya vita na idara za serikali, na kwa shinikizo hilo Marine nao wakalazimika kufungua mlango. Wa kwanza waliripoti Agosti 1942. Lakini hawakupelekwa walikofunzwa wenzao weupe. Walitengewa Montford Point, kwenye misitu na mbu wa North Carolina. Jirani yao kulikuwa na kambi kubwa ya Lejeune, na humo hawakuruhusiwa kuingia mpaka wasindikizwe na Marine mweupe. Hadi kambi ile ilipofungwa mwaka 1949 walikuwa wamepita hapo vijana wapatao 20,000.

Yeye aliingia mwaka 1943, kijana wa miaka 19. Juni 1944 alikuwa Saipan, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, katika kampuni ya kubeba risasi na makombora kutoka ufukweni kwenda kwa wapiganaji. Wakirudi, hawakurudi mikono mitupu, walibeba majeruhi. Aliporudi Marekani, dereva wa basi huko Kusini akamwamuru akae viti vya nyuma. "Nilikuwa na sare mwilini," aliniambia, halafu akanyoosha mguu wa pili nimvishe.

Medali yenyewe ya dhahabu ni moja tu, kwa wote 20,000. Ilitolewa Washington tarehe 27 Juni 2012, na kesho yake maveterani karibu 400 wakakabidhiwa nakala za shaba kwenye gwaride. Mzee hakuweza kusafiri. Wengi wa wenzake walikuwa wameshafariki. Kwa wale waliobaki majumbani, nakala ziliendelea kupelekwa mji kwa mji, na yake ikaja msimu wa vuli, katika ukumbi ulio chini ya kanisa lao.

Asubuhi hiyo alitaka shati jeupe, tai ya buluu na viatu ving'arishwe mara mbili. Ukumbi ulijaa. Ofisa mmoja kijana, mweusi pia, alisimama mbele yake katika sare ya buluu yenye vifungo vya shaba, akasoma maneno ya sheria iliyotiwa saini na Rais Obama Novemba 2011. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani halikuwamo kwenye ratiba. Alipotambua kwamba Mzee haoni, alivua glavu zake nyeupe, akaitoa medali kwenye kisanduku, akaiweka ndani ya kiganja cha Mzee na kuvikunja vidole vyake juu yake.

Ni kitu kizito. Upana wake ni inchi 3, karibu kujaza kiganja, na picha zake zimeinuka juu ya uso wa shaba kuliko zilivyo kwenye sarafu ya dukani. Sarafu huchapwa kwa pigo moja, maana lazima zipangike moja juu ya nyingine. Medali haina haja ya kupangika. Hupigwa kwa mashine tena na tena, na kati ya mapigo shaba hupashwa moto ilainike, hadi nyuso na mikunjo ya nguo isimame. Nililifahamu hilo siku ile, kwa kutazama vidole vya Mzee.

"Hizi ni nyuso," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Nyuso za askari."

Akaigeuza. Kidole gumba kikapanda juu, kikasimama. "Hapa kuna kitu kirefu."

"Mnara wa tangi la maji. Chini yake kuna askari wamejipanga."

"Tangi lile!" Sauti yake ilivuka meza mbili. "Nimelinda zamu chini ya tangi lile usiku wa baridi mpaka meno yakagongana!" Akamwita binti yake, akamshika mkono, akamwekea kidole pale pale kwenye mnara. Binti yake alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mzima na nywele zake za mvi, na alilia kama mtoto. Mimi nikawasomea maandishi ya pembeni: kwa uvumilivu na ujasiri wa kipekee ulioleta mabadiliko ya kijamii katika kikosi cha Marine.

Baada ya chakula alikuja shemasi wa kanisa, mkusanyaji wa medali wa miaka mingi, na trei ya mbao iliyotandikwa kitambaa. Alitaka Mzee ajue ameingia katika safu gani. Medali ya kwanza ya namna hii, alisema, iliamuliwa hapa hapa Philadelphia tarehe 25 Machi 1776, Bunge la makoloni lilipokuwa likikutana mjini. Ilikuwa ya George Washington kwa kuwafukuza Waingereza Boston. Ilibidi ichongwe Paris, kwa kuwa Wamarekani hawakuwa na kiwanda wala fundi wa kazi hiyo. Miaka michache baadaye Benjamin Franklin, akiwa balozi Ufaransa, alibuni ya kwake kusherehekea uhuru, na Augustin Dupré akaichonga mwaka 1783: Herkule, shujaa wa hadithi za Kiyunani, angali mtoto mchanga, ananyonga nyoka wawili, ndio majeshi mawili ya Waingereza yaliyosalimu amri Saratoga na Yorktown. Shemasi alikuwa na nakala. Kiwanda cha sarafu cha hapa mjini huuza nakala za shaba za medali nyingi za taifa, na mtu yeyote anaweza kuzinunua.

Alisita kidogo Mzee alipozinyooshea mkono. Wakusanyaji hushika medali kwa ukingo, jasho lisije likaacha alama usoni. Lakini akampa. Ya Marian Anderson, mwimbaji aliyezaliwa Philadelphia, Mzee aliishika muda mrefu. Mwaka 1939 Anderson alinyimwa ukumbi Washington kwa sababu ya rangi yake, akaimba nje, kwenye ngazi za jumba la kumbukumbu ya Rais Lincoln, mbele ya watu 75,000. Mzee alikuwa kijana wa miaka 15, amekaa na mama yake kando ya redio ya jirani. Bunge lilimtunukia Anderson medali karibu miaka 40 baadaye.

Halafu akashika nyingine. "Mikono miwili inapeana salamu," alisema.

Ilikuwa nakala ya medali ya amani ya Rais Jefferson. Zile za asili zilikuwa za fedha. Lewis na Clark, waliotumwa kuchunguza nchi za magharibi, walizibeba kuanzia mwaka 1804, wakiwagawia machifu wa Wahindi Wekundu njiani. Juu ya mikono ile kuna shoka na kiko vimepishana, na maneno "Amani na Urafiki." Shemasi, mtu mkweli, hakuishia hapo. Alieleza kwamba mikono hiyo hiyo iliendelea kuwekwa kwenye medali za marais waliofuata, hata ya Andrew Jackson ya mwaka 1829. Mwaka uliofuata Jackson huyo huyo akatia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji wale kutoka ardhi ya mababu zao.

Mzee akairudisha kwenye trei. "Na hii yangu je?" aliuliza. "Miaka 63 tangu wafunge kambi."

Ukumbi haukuwa na jibu, na mimi pia sikuthubutu kujibu mbele ya wenye kanisa lao. Ila nilikuwa na mawazo yangu na ninayo hadi leo. Medali ya Jefferson ilikuwa ahadi ya kesho, na ahadi huvunjwa. Ya Mzee ilikuwa ushahidi wa jana. Taifa lilikuwa limekiri, kwa shaba na kwa sheria, kwamba vijana wale walikuwepo, walifanya kazi, na kwamba walipitishwa katika mateso yasiyowastahili. Ilichelewa mno, na wengi waliostahili kuigusa walikuwa wameshazikwa. Lakini mjukuu wake wa darasa la tano, ambaye hakuwahi kusikia jina la Montford Point, siku ile alilitamka.

Tukirudi kwenye gari nilimweleza habari za babu yangu. Naye alikuwa askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma na Waingereza, na mwaka huo huo wa 1944 alikuwa kwenye matope ya bonde la Kabaw. Alirudi na nyota ya shaba yenye utepe, isiyo na jina lake. Sisi wajukuu tuliichezea, na familia ilipohama nyumba haikuonekana tena. Mzee alinyamaza, kisha akaniuliza maswali mengi kuliko niliyowahi kuulizwa na yeyote juu ya babu: alikula nini huko, nani alimwandikia barua, aliporudi walimpa kazi gani. Nusu yake sikuweza kujibu. Jumapili ile ile nilimpigia simu mama nikamuuliza.

Nyumbani kukazuka ubishi. Binti yake alitaka medali itiwe kwenye fremu ya kioo, itundikwe sebuleni, mbali na mikono yenye mafuta. Shemasi alikuwa ameshauri hivyo hivyo. Mzee alikataa katakata. Aliitaka mfukoni mwa koti lake la nyumbani. Wajukuu wakija, aliwataka waishike, na wasimulie wanachokigusa. Mimi niliunga mkono upande wake, ingawa haikuwa nafasi yangu, na binti yake akanuna siku nzima.

Wiki iliyofuata binti yake alipita kwenye duka la kiwanda cha sarafu, karibu na ukumbi walikotia saini Azimio la Uhuru, akanunua nyingine kama ile, na ndogo za bei nafuu kwa ajili ya watoto. Mzee akataka ampe hiyo mpya. Akaweka moja kiganja hiki, nyingine kiganja kile, akazipima, akazisugua kwa vidole gumba. Kisha akamrudishia moja.

"Hii itundikeni," alisema. "Hii nyingine tayari ina jasho langu."