Kutoka Ngaramtoni hadi Leeds kwa Njia ya Karantini

Mwezi Septemba 2021, wakati wa janga la UVIKO-19, Tanzania ilikuwa bado katika orodha nyekundu ya Uingereza, yaani nchi ambazo msafiri aliyetoka huko hakuruhusiwa kufika nyumbani kwake kabla ya kukaa siku kumi kamili katika hoteli iliyopangwa na serikali, tena kwa fedha zake mwenyewe. Mume wangu alikuwa Leeds tangu mwaka uliotangulia akisomea shahada ya uzamivu, na mimi nilikuwa kwa wakwe zangu Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, nikimlea binti yetu wa miaka mitatu, ambaye kwake baba alikuwa amebaki kuwa sura na sauti ndani ya simu.

Tulisubiri sana nchi yetu itolewe katika orodha hiyo. Tarehe 17 Septemba wakatangaza kuitoa Kenya, sisi tukaachwa. Shemeji yangu akashauri tuvuke Namanga, tukae Nairobi siku kumi, kisha tuingie Uingereza kama watu waliotoka Kenya, jambo ambalo kwa mujibu wa kanuni liliwezekana. Tatizo lilikuwa viza. Kibandiko cha viza cha kuingilia kilidumu siku 90 wakati huo, na chetu kingekwisha kabla ya siku hizo za Nairobi kutimia. Hatukutaka kuanza kuomba kingine, kwani tulikuwa tumekwisha kulipa ada ya viza, na ada ya huduma ya afya ya pauni 470 kwa kila mmoja kwa kila mwaka, mtoto akiwemo.

Hoteli yenyewe ilikuwa pauni 2,285 kwa mtu mzima mmoja. Mpaka katikati ya Agosti ilikuwa 1,750, wakaipandisha. Mtoto aliye chini ya miaka mitano hakutozwa, na huo ndio ulikuwa ukarimu pekee katika hesabu nzima. Kwa fedha zetu ilizidi shilingi milioni saba. Baba mkwe aliponiuliza, nikamtajia kiasi hicho, akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua ni ng'ombe wangapi. Tulipokubaliana kuwa ni kama saba, akauliza tena, kwa upole ule anaoutumia anapodhani mtu amedanganywa mnadani: "Ng'ombe saba, mwanangu, halafu mnafungiwa ninyi?" Nilikuwa nimechanja mwezi Agosti, ile chanjo ya dozi moja iliyozinduliwa nchini mwishoni mwa Julai, lakini kwa aliyetoka nchi nyekundu chanjo haikupunguza hata siku moja.

Safari ya ndege haina mengi. Majibu ya kipimo yalichelewa mpaka usiku wa kuamkia siku ya kuondoka, nikakesha nikiusubiri mlio wa simu ambao haukuja. Mtoto alilala kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hadi Doha, akaamka akiwa na furaha wakati mimi nilikuwa sina nguvu hata ya kufungua chupa ya maji. Heathrow tulitengwa katika foleni yetu, tukasimama muda mrefu kuliko nilivyowahi kusimama mahali popote, kisha tukapakiwa ndani ya basi pamoja na walinzi, tukapelekwa hotelini. Msafiri hakuchagua hoteli. Chumba kilikuwa na kitanda kikubwa, birika la umeme, televisheni, na dirisha lisilofunguka lililotazama maegesho ya magari.

Chakula kililetwa ndani ya mfuko wa karatasi, kikawekwa sakafuni mbele ya mlango. Aliyekileta alibisha hodi na kuondoka kabla hujafungua. Ilikuwa mikate baridi yenye kitu katikati, tambi zilizopoa, na mara moja wali wenye mchuzi wa pilipili uliomliza mtoto. Nilikuwa nimebeba unga wa lishe kilo mbili, nikajaribu kuukoroga kwa maji ya birika, lakini uji usioiva jikoni mtoto anaujua kwa kuunusa tu. Kufua nguo kwao kulikuwa na malipo yake mbali, kwa hiyo nilifua kwenye sinki la bafuni na kuanika juu ya viti. Siku ya pili na ya nane nilijipima mwenyewe kwa kijiti cha pua. Mtoto kwa umri wake alisamehewa.

Ninaloweza kulisimulia kwa urefu ni jambo la mlinzi.

Kila korido ilikuwa na mlinzi kwenye kiti, na wetu alikuwa mzee mnene mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe, ndani ya kizibao cha njano. Binti yangu alimwona siku ya kwanza tulipofungua mlango kuchukua mfuko, akampigia "Shikamoo!" kwa sauti ya Ngaramtoni, ambayo ni ya kuvuka mashamba. Mzee akapunga mkono. Mtoto akarudia, akidhani hajasikika. Nikafunga mlango. Ikawa hivyo kila mlo, na kila mara mtoto alirudi ndani akiwa hajatosheka, kwa sababu amelelewa na bibi yake Mwarusha, na kwao salamu ya mtoto haikamiliki kwa maneno. Mtoto huinamisha kichwa, mkubwa humwekea kiganja utosini, ndipo mtoto huinua uso na kwenda kucheza.

Asubuhi moja nikiwa bafuni, mikono imejaa povu, nikasikia mlango unajifunga. Alikuwa amesogeza sanduku, akapanda, akashusha kitasa. Nilipofungua, nilimkuta katikati ya korido akiwa na nguo za kulalia, amesimama mbele ya mlinzi, kichwa ameinamisha, anangoja. Mlinzi alikuwa amekatazwa kumkaribia mkaazi yeyote, basi akarudi nyuma hatua mbili, viganja amevinyoosha mbele, akimsihi kwa Kiingereza arudi chumbani. Mtoto, ambaye kwa adabu yake hakuweza kutazama juu, alihisi tu kwamba mkono umechelewa, akasogea hatua mbili. Mzee akarudi nyuma tena. Mtoto akasogea tena. Wakaenda hivyo korido nzima, jitu la kilo mia na zaidi likimkimbia kinyumenyume mtoto wa miaka mitatu, na mimi kizingitini nimeshikilia barakoa kwa meno, kwa sababu kanuni ilinikataza kutoka bila ruhusa ya mlinzi, na mlinzi mwenyewe ndiye huyo alikuwa anamkimbia binti yangu.

Nilimwita mtoto. Hakugeuka, maana mtoto aliyeinama mbele ya mkubwa haondoki kabla hajaguswa. Hilo bibi yake alilifundisha vizuri mno. Milango miwili ikafunguliwa, watu wakachungulia, wakaifunga. Mzee alipogonga mgongo kwenye lifti hakuwa na pa kwenda, akatoa redio yake akaita wenzake. Hapo nikavuka kizingiti, nikaenda pekupeku, nikambeba. Dakika chache baadaye simu ya chumbani ikalia, sauti ya kike ikanikumbusha kwa heshima kwamba faini ya kutoka chumbani inaweza kufika pauni 10,000. Sikumweleza habari za utosi. Ningeanzia wapi?

Mtoto hakulia. Alikaa kitandani akifikiri, kisha akauliza: "Mama, yule babu hana mkono?"

Nikamwambia anao, yuko kazini tu. Hakuridhika, na tangu hapo akamwita Babu Asiye na Mkono, akaacha kumsalimia, jambo lililoniuma kuliko ile simu. Mzee simlaumu. Alilipwa ili asimguse mtu, na aliifanya kazi yake.

Usiku huo nilimpigia mama yangu Kibosho ili nipate wa kunihurumia. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanikumbusha kwamba alipokuja kunihudumia uzazi wa mtoto huyohuyo nilikaa ndani miezi mitatu bila kulalamika, nikala mtori mpaka mashavu yakazidi uso. "Siku kumi ndizo zinakuliza?" akasema. Nilitaka kumjibu kwamba kule watu walikuwa wanaingia. Kila aliyekuja alimpokea mtoto mikononi kabla hajaketi, tena bila kuuliza. Kuna siku niliona wivu kwamba mwanangu halali kwangu. Nilikuwa nimefungiwa kwa sababu watu walinitaka nipone, na sasa nilikuwa nimefungiwa kwa sababu watu walinidhania ugonjwa, na chumba hiki cha pili ndicho nilichokilipia. Lakini mama alikuwa amekwisha kuhamia habari za bei ya kahawa, nikaacha.

Tulitoka mwanzoni mwa Oktoba. Mume wangu alikuja hadi London kutuchukua, na mtoto alimtazama kwa muda kabla ya kuinamisha kichwa. Akawekewa mikono yote miwili. Tukapanda treni ya Leeds, ambayo nayo bei yake sitaitaja hapa, maana nitaonekana mtu wa kulalamika tu.

Tarehe 7 Oktoba, bado sijamaliza kufungua masanduku, ikatangazwa kwamba nchi 47 zinatolewa katika orodha nyekundu kuanzia tarehe 11, Tanzania ikiwemo. Tuliandika barua kuuliza kama kuna chochote kinachoweza kurudishwa. Jibu lilikuwa fupi: kanuni inayohesabika ni ile ya siku uliyoingia.

Mwishoni mwa mwezi huo akafika dada mmoja kutoka mtaa wa Sakina, Arusha, mke wa mwanafunzi mwenzake mume wangu. Kwa kuwa hakuwa amechanja alitakiwa kukaa karantini siku kumi, lakini nyumbani, kwa mumewe, na jiko lake. Siku ya tatu alinipigia simu akiwa amechoka kabisa. Alisema haya ni mateso, amepika ndizi na nyama, na hana ruhusa ya kwenda kununua hata nyanya. Nikamwambia pole sana, dada, nitakuletea mlangoni.